Mabuu Hawajui Jumapili

Hoja iliyoletwa mezani ni nyepesi kuitamka: mwanasayansi kijana anayetaka kufika mbali aache kuimba, au aimbe bafuni. Kuitetea ndiko kugumu, na kuipinga pia.

Nimeita watu wanne waijadili. Ni wa kubuni, ila yeyote aliyewahi kubaki kwenye mabenchi ya parokia Dar es Salaam baada ya mazoezi ya kwaya, watu wakisubiri mvua ikatike ndipo wakimbilie daladala, atayatambua maneno yao. Mtafiti ana miaka thelathini na kidogo, anasomea shahada ya uzamivu, na kazi yake ni mbu waenezao malaria. Kwenye kwaya yuko sauti ya kwanza, na siku kanisa likijaa yeye ndiye anayepewa wimbo wa katikati. Profesa amestaafu kufundisha kemia. Naye ni mwanakwaya, besi ya kutegemewa, na hilo ndilo linalonifanya nisiupuuze upinzani wake. Mwalimu ni mwalimu wa kwaya. Mchana anafundisha hisabati sekondari. Shangazi ni muuguzi, dada wa baba yake Mtafiti. Haimbi. Amekuja na mtoto wa Mtafiti mgongoni, kalala.

Profesa alitangulia, kwa heshima ya umri.

Profesa: Mimi sina ugomvi na wimbo. Ugomvi wangu ni wa saa. Shahada ya uzamivu si kazi ya kuingia saa mbili na kutoka saa kumi. Jaribio likigoma mchana, unalirudia usiku. Makala ukichelewa kuiandika, mwenzako wa Nairobi au London anaitoa kabla yako, na miaka mitatu yako imekwenda. Sasa nihesabieni ninyi: mazoezi Jumanne, Alhamisi, na Jumamosi mchana kutwa. Jumapili Misa mbili. Kwaresima ikiisha, kila siku. Hiyo ni wiki ya mtu asiye na kazi nyingine.

Mtafiti: Shikamoo, Profesa.

Profesa: Marahaba, binti yangu. Usidhani nakusema wewe.

Mtafiti: Unanisema mimi, na ni haki yako. Ila naomba nieleze saa zangu zinavyokwenda, maana watu husikia "maabara" wakafikiri mtu amevaa koti jeupe anachungulia hadubini. Mimi nafuga. Chumba tunachofugia mbu kinawekwa joto la nyuzi 27 hivi, unyevu asilimia 70 hadi 80. Mayai yanakaa kwenye beseni la maji. Yakianguliwa, mabuu wanakula chakula cha samaki wa mapambo kilichosagwa, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ukizidisha, maji yanachacha na wanakufa. Ukipunguza, wanadumaa, wengine wanalana. Waliogeuka pupa unawavuta kwa pipeti mmoja mmoja, unawatia kwenye kikombe ndani ya kizimba cha wavu kabla hawajaruka wakawa wako wa nyumba nzima. Kila siku, pamoja na Krismasi. Mabuu hawajui Jumapili. Kwa hiyo Jumapili mimi naingia alfajiri, nalisha, nabadilisha maji ya sukari ya wakubwa, nanawa, ndipo nakuja Misa ya kwanza.

Mwalimu: Na anakuja na koo limeshapata moto! Mniamini katika hili. Sauti ni mikunjo miwili midogo kooni, inapigana. Akishika la ya 440 ndiyo mara 440 kwa sekunde moja. Ikikauka, inakwaruzana. Wanaonipa taabu ni wa ofisi za viyoyozi, na sisi walimu tunaokula vumbi la chaki kutwa. Huyu anatoka kwenye mvuke. Mazoezi ya koo ninayowapa wenzake robo saa, yeye chumba cha mbu kimemmalizia.

Mtafiti: Naimba mle nikiwa peke yangu. Taabu ni kwamba mbu jike anafuata hewa tunayoitoa mdomoni. Nikivuta noti ndefu wanajaa upande wangu wa wavu.

Shangazi: Hao ndio mashabiki. Wamekuja kunywa damu.

Tulicheka, Profesa pia, lakini hakulegeza. Alisema mvuke ni mzuri, ila hauandiki tasnifu. Mwalimu akaona aanzie mbali.

Mwalimu: Profesa, wewe na mimi tumekulia nchi ambayo kazi na muziki vililala chumba kimoja. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz. Polisi, Magereza, Jeshi, wote na bendi zao. Gitaa alinunua mwajiri, na ukumbi ukijaa mwajiri ndiye aliyejisifu. Nani alisema kanga za Urafiki zinachuja kwa sababu kiwanda kina bendi?

Profesa: Hao waliajiriwa kwa ajili ya muziki. Mwimbaji wa bendi ya kiwanda hakutazamiwa atoke ukumbini saa nane usiku akawahi zamu ya asubuhi kwenye mtambo. Unachanganya mwajiri mwenye bendi na mtu mmoja mwenye kazi mbili. Huyu binti hana mwajiri mwenye bendi. Ana msimamizi mwenye ratiba.

Hapa niliona Profesa amempiku Mwalimu, ila kwa nusu. Kweli wengi wa wanamuziki wale walikuwa wanamuziki tu, waliopewa vitambulisho vya shirika. Lakini bado kuna jambo ndani yake: mwajiri wa siku zile aliona muziki unamhusu. Sijapata kusikia taasisi ya utafiti yenye bendi. Na kuna kichekesho kingine ambacho sikuweza kujizuia kukitia mjadalani. Sisi ndio watu tunaowavika wanamuziki joho la chuo kikuu bila kusita: Dr. Remmy Ongala, Docteur Nico kule Kinshasa, Dr. Jose Chameleone wa Kampala, Profesa Jay wa hapa hapa. Hakuna aliyewauliza tasnifu iko wapi. Daktari wa kweli akishika kipaza sauti, ndipo tunamuuliza kazini kwake anakwenda saa ngapi.

Profesa: Vizuri umetaja majina, maana kila nikisema haya vijana wananiletea majina. Wananiambia Brian May, mpiga gitaa na mmoja wa waimbaji wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946. Wanasema, mwone, ni mwanafalaki mwenye shahada ya uzamivu ya Imperial College. Nawaambia someni tarehe. Aliianza tasnifu yake ya vumbi lililo kati ya sayari mwaka 1970, akaiacha 1974 bendi ilipopanda, akaimaliza 2007. Wananiletea Dexter Holland wa The Offspring, uzamivu wa baiolojia ya molekuli, kuhusu virusi vya UKIMWI. Tarehe tena: albamu yao ilipolipuka mwaka 1994 aliweka masomo pembeni, akatunukiwa 2017. Hao hawakubeba viwili. Walikitua kimoja, wakala kingine mpaka wakashiba, ndipo wakarudi na pesa zao. Mimi nazungumza na mtu wa posho ya mwanafunzi.

Mtafiti: Hapo umenena kweli tupu. Mimi huwa sipendi kuletewa matajiri.

Profesa: Au chukua nyumba ya akina Ransome-Kuti, Nigeria. Fela alipelekwa London mwaka 1958 asome udaktari. Akaenda zake muziki. Ndugu zake wawili, Olikoye na Beko, wakawa madaktari kweli. Nyumba ikagawana. Hiyo ndiyo akili.

Shangazi: Na mwaka 1997 Fela alipofariki, ni huyo Olikoye, kaka yake daktari, aliyesimama mbele ya waandishi akasema ni UKIMWI. Wakati ule kutamka hivyo ilikuwa kazi. Wodini sisi tulikuwa tunaandika magonjwa mengine kwenye kadi kwa sababu ndugu wanatuomba. Kwa hiyo nakubali, nyumba inahitaji wote. Lakini Profesa, huyu hapa hana kaka wa kugawana naye. Yeye ndiye Fela na yeye ndiye Olikoye.

Mtafiti alituletea jina moja ambalo Profesa hakuwa nalo. Milo Aukerman ni mwimbaji wa Descendents, bendi ya makelele ya California. Mwaka 1982 walitoa albamu ambayo jina lake lilitangaza kwamba Milo anakwenda chuo, kwa sababu kweli alikuwa anakwenda. Akasoma baiolojia mpaka uzamivu, San Diego, kisha akafanya utafiti wa mimea kwenye kampuni ya DuPont kwa miaka mingi. Alikuwa anakwenda na kurudi. Wenzake hawakukaa kumlilia. Waliunda bendi nyingine, All, wakachukua mwimbaji mwingine, na yeye akiwa na nafasi Descendents inafufuka. Mwaka 2016 akaacha maabara, akawa mwimbaji moja kwa moja.

Profesa: Kwa hiyo mwisho wake aliacha. Ushahidi wangu.

Mtafiti: Aliacha akiwa ameshapita hamsini. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka thelathini ya vyote viwili. Ninachokitazama mimi ni wale wenzake. Bendi ilijua kuendelea bila yeye, ndiyo maana alikuwa na mahali pa kurudi. Kama ungekuwa unaniambia nisiwe msanii wa peke yangu, mwenye albamu na meneja na safari za Mwanza kila wikiendi, ningekuelewa. Lakini mimi niko kwenye kwaya.

Mwalimu: Mwache aseme hapo hapo, maana watu hawaelewi kwaya ni kitu gani. Noti ndefu ya mwisho, ile inayokaa mizani minane, hakuna mwimbaji anayeishika mpaka mwisho. Nisingepata mtu. Wanapumua kwa zamu. Huyu akikata kuvuta pumzi, jirani yake anaendelea, halafu anarudi taratibu bila kugonga. Aliye chini kwenye benchi anasikia sauti moja isiyokatika, na anashangaa mapafu yale ya nani. Ninachokataza ni kitu kimoja tu: wawili walioketi pamoja wasipumue kwa pamoja. Kwa hiyo wanapatana mapema.

Neno hilo, mapema, nililiandika pembeni. Nitalirudia.

Kisha ukaja wakati ambao nilidhani Mtafiti ameshinda, na kumbe yeye mwenyewe hakutaka kushinda kwa njia ile. Mwalimu alikuwa amesoma mahali kwamba washindi wa Nobel wanapenda sanaa. Profesa, kwa uungwana wake, alimsaidia: ni uchunguzi wa Robert Root-Bernstein na wenzake wa Marekani, wa mwaka 2008, uliolinganisha washindi wa Nobel na wanasayansi wengine, na kweli washindi walionekana kuwa na mazoea ya sanaa kuliko wenzao. Mwalimu akashangilia. Mtafiti naye akaongeza la kwake.

Mtafiti: Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jambo kuhusu mbu wa dengi, Aedes aegypti. Walimnatisha mbu kwenye waya mwembamba, anapiga mabawa lakini haendi popote, wakampitisha mwenzake karibu. Jike mlio wake ni kama 400 kwa sekunde. Dume kama 600. Mwalimu, hiyo ni nini?

Mwalimu: Mbili kwa tatu. Do na so! Mbu?

Mtafiti: Mbu. Wakikaribiana kila mmoja anarekebisha mlio wake, mpaka sauti ndogo za juu zinazozaliwa ndani ya kila mlio zikutane: ya tatu ya jike, ya pili ya dume, zote 1200. Kabla ya hapo wataalamu walidhani mbu hasikii sauti ya juu kiasi hicho. Walipoweka vyuma vya kupima kwenye vipapasio vyake wakakuta anasikia mpaka 2000. Mwaka uliofuata watu wengine wakaonesha mambo ya namna hiyo kwa mbu wetu, Anopheles gambiae. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kitini. Sisi tunafanya hivyo kila Alhamisi: unamsikiliza jirani, unajisogeza kidogo, chodi inafunga, na kuna mlio wa juu unaingia ambao hakuna aliyeuimba.

Mwalimu: Profesa, umesikia? Mwanakwaya ndiye angeligundua hilo kwanza.

Profesa: Nani kakwambia hao wa Cornell walikuwa wanakwaya? Walikuwa na vipaza sauti, vyuma vya kupimia na subira. Na hao wa Nobel, umejuaje kwamba wimbo ndio uliowapa Nobel, na si kwamba mtu aliyezaliwa kwenye nyumba yenye piano alizaliwa pia kwenye nyumba yenye vitabu na nafasi? Mambo mawili kuongozana si moja kulizaa jingine. Ningekuwa bado nafundisha, jibu hilo ningelipa sifuri.

Mtafiti: Ungekuwa sahihi. Ndiyo maana siitumii hoja hiyo. Niliposimama kitini ilikuwa furaha yangu. Haikuongeza hata mstari mmoja kwenye matokeo yangu. Tukianza kusema kuimba ni kuzuri kwa sababu kunaongeza makala, siku makala zisipoongezeka tutakuwa tumetoa ruhusa wimbo ukatwe. Mimi siimbi ili niwe mtafiti bora.

Profesa: Unaimba kwa nini?

Hakujibu moja kwa moja. Alisimulia habari ya Pardis Sabeti, mtaalamu wa vinasaba wa Harvard, ambaye pia ni mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Thousand Days. Mwaka 2014 Ebola ilipoingia Sierra Leone, yeye na wenzake wa hospitali ya Kenema walisoma jenomu 99 za virusi kutoka kwa wagonjwa 78, wakazichapisha Agosti ile ile katika jarida la Science. Watano kati ya walioandika makala ile walikuwa wameshakufa kwa Ebola kabla haijatoka. Mmoja wao ni Dkt. Sheik Humarr Khan, aliyeongoza wodi ya Kenema, aliyefariki tarehe 29 Julai. Sabeti alirekodi wimbo na watafiti wenzake wa Afrika Magharibi kwa ajili ya waliokufa.

Mtafiti: Makala ile ilikuwa na nafasi ya majina yao. Haikuwa na nafasi ya kuwalilia. Jenomu 99 hazilii. Kwa hiyo waliimba. Mimi natoka kwenye maabara ya malaria, Profesa, na nyumbani kwetu malaria imechukua mtu. Namba ninaziandika mchana.

Shangazi: Ni mdogo wake. Tuendelee.

Tukaendelea. Profesa aliivua miwani, akaivaa. Sikutaka mjadala uishie kwenye msiba, kwa kuwa msiba hufunga watu midomo bila kuwashawishi, na saa alizozihesabu Profesa mwanzoni zilikuwa bado zipo mezani, hazijalipwa na mtu. Nikawaletea Caroline Herschel.

Alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1750. Homa kali ya utotoni ilimdumaza. Hakufika hata futi nne na nusu. Mama yake alimtaka awe mtumishi wa nyumba. Kaka yake William, mpiga kinanda wa kanisa huko Bath, Uingereza, alimchukua mwaka 1772 akamfundisha kuimba, na alikuwa anajua kufundisha: mwaka 1778 Caroline alisimama kama mwimbaji wa kwanza katika oratorio za Handel, na akaitwa kwenda kuimba kwenye tamasha la Birmingham. Alikataa. Hakutaka kuimba isipokuwa kaka yake awe ndiye anayeongoza. Wakati huo William alikuwa ameshaingiwa na wazimu wa darubini. Mchana muziki, usiku nyota. Alikuwa anasugua vioo vya darubini saa kumi na sita mfululizo bila kuondoa mikono, na Caroline akimtia chakula mdomoni ili asisimame. Caroline ndiye aliyenakili nota, akafundisha wanakwaya, akaendesha nyumba. Tarehe 13 Machi 1781 William akaiona sayari ya Uranus. Mwaka 1782 mfalme akampa mshahara awe mwanafalaki wake, akaacha muziki, wakahama Bath. Uimbaji wa Caroline ukaishia hapo. Katika kumbukumbu zake ameandika jinsi alivyojikuta anafunzwa kazi ya msaidizi wa mwanafalaki.

Profesa: Malizia. Usituache hapo.

Namalizia. Kati ya mwaka 1786 na 1797 aligundua nyotamkia nane. Kuanzia 1787 mfalme alimlipa pauni 50 kwa mwaka, na hapo mwanamke akalipwa Uingereza kwa kazi ya sayansi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1828 Chama cha Wanafalaki cha London kilimpa medali ya dhahabu, ambayo mwanamke mwingine hakuipata mpaka 1996. Alikufa 1848, miaka 97.

Profesa: Basi kesi imekwisha. Aliacha kuimba, akapata nyotamkia nane na medali.

Shangazi: Kesi haijaanza. Kaka alibeba muziki na nyota miaka mingapi hapo Bath?

Mwandishi: Karibu miaka tisa, kumi.

Shangazi: Akilishwa kwa kijiko. Na alipochagua kimoja, chake na cha dada vilichaguliwa pamoja. Huyo kaka alikuwa na kazi mbili kwa sababu dada yake hakuwa na hata moja ya kwake. Profesa, naomba nikuulize, usikasirike.

Profesa: Uliza, dada.

Shangazi: Ulipokuwa mhadhiri, uliimba?

Profesa: Niliimba. Miaka yote. Hata nilipokuwa naandika tasnifu.

Shangazi: Watoto walikuwa na nani Alhamisi jioni?

Profesa: Mama yao.

Shangazi: Yeye alikuwa anapenda nini?

Profesa alikaa kidogo. Alisema mkewe alikuwa na sauti ya pili nzuri kuliko yoyote iliyopo kwenye kwaya hii, na kwamba aliacha kuimba mtoto wa kwanza alipozaliwa. "Ndiyo maana nimesema ugomvi wangu ni wa saa," akasema. "Najua zangu zilitoka wapi."

Tangu hapo mjadala ulibadilika, na kwa maoni yangu ukawa mjadala wa maana. Mtafiti alimgeukia shangazi yake akamuuliza kama naye anamwibia saa. Shangazi alisema ndiyo, ila kwa ridhaa, na kwamba hataki shukrani. Anataka mambo mawili. La kwanza, Mtafiti asisimame mbele ya wasichana wa sekondari, kama anavyoalikwa, akawaambia ukijipanga vizuri utaweza yote, bila kuwataja waliompangia. La pili, baba wa mtoto, ambaye jioni ya Alhamisi yuko mahali anatazama mpira, awe nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mwalimu alijaribu kuligeuza liwe utani. Hakufanikiwa.

Mwalimu naye alibanwa. Profesa alimuuliza kwa nini kwaya inawatangazia watu mazoezi ya ziada siku tatu kabla, na faini ya uchelewaji juu, kana kwamba wote wanaishi nyuma ya kanisa. Mwalimu akasema waimbaji hawajifunzi nota nyumbani, kwa hiyo anabanwa mwishoni. Mtafiti akasema yeye nota zake anazisoma kwa solfa kwenye daladala, apewe karatasi mapema. Mapema, tena. Nalo likawa la kwanza kukubaliwa na wote.

Uamuzi wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaita: hoja imeanguka. Mwanasayansi kijana haachi kuimba, na hahitaji kuthibitisha kwamba wimbo wake unaisaidia sayansi. Lakini hesabu ya Profesa haikuanguka. Saa zile ni za kweli, na zisipotoka kwa mpango zitatoka kwa mwanamke fulani ndani ya nyumba, kimya kimya, kama zilivyotoka Bath na kama zilivyotoka kwa sauti ya pili ambayo kwaya hii haikuipata. Anayetaka vyote viwili aimbe mahali ambapo wengine wanaweza kushika noti akiwa hayupo, na afanye utafiti mahali ambapo wengine wanaweza kushika pipeti. La kwanza kwaya zetu zinalijua. La pili maabara nyingi bado, na hapo nawasema wasimamizi: beseni la mabuu halijui ni nani amelilisha. Watu wanne wakigawana Jumapili za mwezi, kila mmoja anapata tatu za kupumzika, na aliye na kwaya, na aliye na timu ya mpira, na aliye na mama mgonjwa Morogoro, wote wananufaika. Kinachotakiwa ni ratiba ya zamu kubandikwa ukutani mwezi mmoja kabla, badala ya ujumbe wa simu Jumamosi usiku.

Msimamizi asiseme sikukuu zilimshtukiza. Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi.